Koki ya Mama Mifugo

Juzi nilikuwa natafuta kifungo cha blauzi kwenye kopo la mama, lile la biskuti ambalo sijawahi kuona biskuti ndani yake tangu nipate akili, mkono wangu ukagusa kitu kizito, cha baridi, chenye pembe. Kilikuwa kimeviringishwa kwenye kipande cha kanga. Nikakifungua. Ilikuwa koki ya pikipiki. Niliinusa kabla hata ya kufikiri. Harufu ya petroli ilishaondoka miaka mingi, imebaki ya chuma na ya uzi, lakini mwili haukujali. Moyo ulianza kunienda mbio pale pale kwenye kitanda cha mama, mimi mtu mzima mwenye watoto watatu, kana kwamba nimeambiwa panda twende.

Kwa ambaye hakukulia juu ya pikipiki, koki ni kile kifaa kidogo chini ya tangi, upande wa kushoto, kinachoruhusu mafuta kwenda kwenye injini. Kina kishikio cha kuzungusha. Huku umefunga, huku umefungua, na huku kwingine ni rizavu, yale mafuta ya mwisho mwisho ya kukufikisha nyumbani. Leo nafundisha fizikia sekondari na ninaweza kuichora koki ubaoni nimefumba macho. Wakati huo, nikiwa na miaka tisa, sikujua hata kama ipo, na kutokujua huko kulinipeleka hadi mbele ya washarika wa kanisa zima.

Mama alikuwa afisa mifugo wa vijiji vya magharibi mwa Mlima Meru, kuanzia Ngaramtoni kwenda juu. Watu walimwita Mama Mifugo, na nadhani wengine waliamini ndilo jina alilobatizwa. Alikuwa na pikipiki ya porini, ndefu, yenye tairi za meno, iliyoachwa na mradi uliokwisha kabla sijaanza shule. Rangi yake iliwahi kuwa nyekundu. Siti yake ilikuwa juu mno, na mama ni mfupi, ingawa hajawahi kulikubali jambo hilo hadi leo. Nyumbani aliipandia kwenye ngazi ya baraza. Njiani alisimama penye jiwe, kichuguu au ukingo wa mfereji, mahali popote mguu wake ungepata pa kukanyaga. Alivijua vichuguu vyote vya tarafa ile kama wengine wanavyojua vituo vya basi. Ikitokea pikipiki imezima mahali pasipo na kichuguu, tulianguka. Tulianguka mara kadhaa, polepole, kwa heshima, tukanyanyuka na kujikung'uta.

Nasema tulianguka kwa sababu likizo zote nilikuwa naye. Baba alifanya kazi mbali na nyumbani hapakuwa na mtu wa kubaki na mimi. Nilikaa mbele yake, nusu kwenye siti, nusu kwenye tangi, nimeshika katikati ya usukani. Nyuma tulifunga kisanduku cha barafu chenye chupa za chanjo. Hakuna kitu kizuri nilichowahi kufanyiwa katika maisha yangu, na ninaihesabu harusi yangu, kinachofikia asubuhi zile: vumbi jekundu, baridi ya mlimani masikioni, injini inanguruma chini ya mapaja yangu, na watoto wa kila boma wanakimbia hadi barabarani kunipungia mimi. Mimi, siyo mama. Niliwapungia kwa mkono mmoja kama waziri.

Sasa, kulikuwa na jambo. Mara nyingine, katikati ya safari, pikipiki ilianza kukohoa. Ikikohoa, mama aliacha kuongea. Kidevu chake kilishuka hadi kwenye utosi wangu, kichwa kikainama kushoto, macho yakawa nusu yamefumba, mkono wa kushoto ukaondoka kwenye usukani ukapotea chini karibu na goti, na midomo yake ikaanza kucheza. Kelele za upepo hazikuniruhusu kusikia anasema nini. Kisha, baada ya pumzi mbili tatu, pikipiki ilipata uhai tena ikaondoka kama haijawahi kuugua.

Nyumbani kwetu mtu aliyeinamisha kichwa, akafumba macho na kunong'ona, alikuwa anafanya jambo moja tu. Nikajua mama anaiombea pikipiki. Wala sikumuuliza, maana mtu haulizwi maombi yake. Nilichofanya ni kuinamisha kichwa na mimi, na ikiamka nilisema amina kimoyomoyo.

Jumapili moja mwalimu wa shule ya Jumapili alituuliza nani ana ushuhuda. Wenzangu walikuwa na shuhuda za kawaida, kupona malaria, kuona shilingi iliyopotea. Mimi nilisimama nikasema, "Mama yangu anaiombea pikipiki ikifa njiani, na inafufuka." Mwalimu alishika kifua. Akanipeleka ibada ya wakubwa nikarudie. Nikarudia, nikaongeza na kikohozi cha pikipiki kwa mdomo, nikakifanya vizuri sana. Mama hakuwepo, siku hiyo aliitwa kwenye ng'ombe aliyeshindwa kuzaa. Baada ya ibada, wakati wa mnada wa sadaka pale nje, wakubwa wakishindania kuku na mikungu ya ndizi, habari yangu ilikuwa inapita kutoka kwa mtu hadi kwa mtu. Nilijisikia mrefu.

Siku ya soko iliyofuata, tukiwa Ngaramtoni, bibi mmoja alimfuata mama akiwa amekumbatia redio.

"Shikamoo bibi," mama alisema.

"Marahaba mwanangu. Hii redio imenyamaza tangu Pasaka. Weka mkono."

"Bibi, mimi ni wa mifugo."

"Najua. Kwani pikipiki ni ng'ombe?"

Mama alinitazama. Mimi nilikuwa natazama nyanya za mtu. Mama hajawahi kuweza kumkatalia mtu mzima, basi akaweka mkono juu ya redio, akauacha hapo muda wa kutosha, akaondoka haraka. Wiki iliyofuata tukasikia redio imeongea. Mjukuu wake alikuwa amebadilisha betri, lakini hiyo sehemu ya habari haikusafiri.

Furaha hiyo haikudumu, maana pikipiki yenyewe ilianza kukataa kufufuka. Kwanza ilitukatalia kwenye mlima wa kwenda boma la Baba Naserian, mwenyekiti wa wafugaji kule juu. Mama aliinama, akanong'ona, mkono ukashuka, hakuna kitu. Tulishuka tukaisukuma kurudi, barafu ikayeyuka, chanjo ikatupwa, na watu waliokusanya ng'ombe tangu alfajiri wakawaachia warudi malishoni. Wiki mbili baadaye ikatokea hivyo hivyo, mlima ule ule. Safari hiyo ndama wawili wa Baba Naserian walikufa kwa chambavu, ugonjwa tuliokuwa tunapeleka chanjo yake, kabla hatujafika kwa miguu. Mimi nililala nikijiuliza nimemkosea nini Mungu hadi amemnyamazia mama yangu.

Ofisini mkuu wake alimwambia waziwazi, mimi nikiwa nimekaa kwenye benchi la nje nasikia. Mara ya tatu ikishindikana, pikipiki inarudi yadi na Mama Mifugo anahamia mezani, vijiji vile apewe kijana mwenye gari. Mama alitoka akanishika mkono kwa nguvu. "Meza," alisema barabara nzima. "Mimi nikae mezani." Alikuwa anapenda kazi yake kuliko watu wengi wanavyopenda pesa, na nilielewa kwamba wakimnyang'anya mlima watakuwa wameninyang'anya na mimi.

Fundi wake aliitwa Elisante, Mmeru mwembamba mwenye kibanda cha mabati kando ya barabara ya Nairobi. Alishasafisha kabureta mara tatu na kubadilisha plagi mbili. Siku moja kabla ya safari yetu ya tatu, alichomoa bomba la mafuta, akaweka chupa chini, akafungua koki. Mafuta yalitoka tone, tone, yakaacha. Fundi alikaa chini.

"Mama Aneth," alisema, "tumekuwa tunampa mgonjwa dawa ya kichwa kumbe anaumwa tumbo. Kabureta nzima kabisa. Hii koki ndiyo imekufa. Mpira wa ndani umekauka, na imebanwa kiwandani, haifunguki. Kwenye tambarare inapitisha kidogo, mlimani inakunyima."

"Unaweza kuitengeneza?"

"Hii siyo ya kutengeneza. Nina nyingine, niliitoa kwenye pikipiki kubwa iliyopata ajali. Inafunguka kwa skrubu, ina kikombe chini cha kukamata uchafu na maji. Ila matundu yake yamepishana na ya tangi lako. Nitachonga bati nene la kuziunganisha. Iache hapa."

Mama alikwenda kutafuta barafu ya kesho yake. Mimi nilibaki, na ndipo fundi Elisante, kwa kuwa alikuwa mtu wa kuongea na mikono ikiwa kazini, akaniharibia dunia. Aliiweka koki mpya juu ya gunia, akanionyesha kijibomba cha shaba kilichosimama juu yake kama kidole.

"Hiki kinakaa ndani ya tangi. Mafuta yakiwa mengi yanaingia kwa mdomo huu wa juu. Yakishuka chini ya mdomo, pikipiki inakohoa. Sasa ukizungusha kishikio, inakunywa kwa hili tundu la chini. Ndiyo rizavu hiyo. Siyo tangi lingine, ni mafuta yale yale, ya chini."

Niliangalia kile kidole cha shaba muda mrefu. "Kwa hiyo mama akiinama kule kushoto, anazungusha hiki?"

"Sasa ulidhani anafanya nini?"

Masikio yalinichoma. Kanisa zima. Kikohozi kwa mdomo. Bibi na redio yake. Nilimkasirikia mama kama sijawahi kumkasirikia mtu, kwa kunidanganya jambo ambalo hakuwahi hata kuniambia. Na bado, hapa ndipo penye aibu yangu, vidole vyangu havikuacha kuizungusha ile koki. Funga, fungua, rizavu. Ukizungusha, ndani tundu la juu linafunikwa, la chini linafunguka. Ilikuwa nzuri mno. Nilikuwa na hasira na furaha kwa wakati mmoja, na nilikwenda kulala nazo zote mbili bila kula vizuri.

Asubuhi tulikuta kazi imekwisha. Fundi alikuwa amechonga bati kutoka kwenye kava ya gia iliyovunjika, akalipiga tupa hadi likang'aa, akaweka karatasi ya gasketi pande zote. Alifungua koki juu ya chupa. Mafuta yalimiminika kama maziwa ya ng'ombe aliyezaa juzi, na mama akacheka kwa mara ya kwanza baada ya wiki mbili. Alikimbilia kufunga kisanduku kwenye keria. Fundi akaninong'oneza, kwa kuwa mimi ndiye niliyeonekana mwanafunzi wake.

"Mwambie mama mambo mawili. Kwa sababu ya lile bati, kishikio sasa kimeangalia mbele, siyo nyuma kama zamani. Na bomba la hii ni refu kuliko la kwanza, kwa hiyo rizavu itamwita mapema. Asishtuke. Anazungusha kwenda juu."

Nikaitikia kwa kichwa. Kisha nikapanda, nikanuna, na sikumwambia mama chochote. Nilijiambia kwamba mtu anayejua kuinama bila kuomba hahitaji msaada wangu.

Ngaramtoni hadi miguuni mwa mlima pikipiki ilikwenda kama imezaliwa jana. Mama aliimba. Mimi nilijitahidi kuendelea kununa lakini ni kazi ngumu sana kununa kwenye mwendo ule, upepo unakufungua mdomo wenyewe. Tukauanza ule mlima. Njia yake ni ya mawe na udongo mweusi wa majivu, kushoto kuna korongo, na hakuna kichuguu hata kimoja hadi juu. Huko juu niliona ng'ombe wamekusanyika, na watu wamesimama juu ya ukingo wakitutazama, wengi, shuka nyekundu mstari mzima. Walikuwa wanatusubiri kwa mara ya tatu.

Katikati ya mlima pikipiki ikakohoa.

Kidevu cha mama kilishuka kwenye utosi wangu. Mkono wake wa kushoto ukashuka pale pale ulipozoea, ukapapasa, ukapapasa tena, ukakuta bati tupu. Pikipiki ikaanza kuyumba upande wa korongo. Mkono ukarudi mbio kwenye klachi, na hapo ndipo, kwa kuwa injini ilikuwa inakufa na kelele zimepungua, nilimsikia mama yangu akiomba. Aliomba kwa sauti, kwa Kichaga, lugha aliyoitunza kwa mambo mazito, na katikati ya maneno yale nikasikia jina langu.

Hasira yote iliniruka. Nililala juu ya tangi, nikapeleka mkono chini mbele ya goti langu, nikapita karibu na injini ikanichoma kwenye kifundo cha mkono, alama ninayo, nikakikuta kishikio kidogo kimetulia pale fundi alipokiacha. Nikakizungusha kwenda juu.

Pumzi moja. Mbili. Pikipiki ikakohoa, ikameza, kisha ikavuta kwa nguvu ambayo haijawahi kuwa nayo, gurudumu la mbele likanyanyuka kidogo, mama akapiga kelele, mimi nikapiga kelele, tukaupanda mlima wote tukipiga kelele hadi tukatokea juu katikati ya vumbi letu wenyewe. Baba Naserian alitupisha njia. Mama alikwenda moja kwa moja hadi kwenye jiwe kubwa kando ya zizi, akaweka mguu, akazima.

"Mama Mifugo," alisema Baba Naserian, "leo umekuja na moto."

"Shikamoo baba," nilisema, maana mama alikuwa bado hajapata sauti.

"Marahaba yeyo," alijibu, akiniita mama kwa Kimaasai. "Haya, ng'ombe hao."

Mama alichanja hadi jua lilipogeuka. Hapakubaki hata ndama mmoja. Tulipomaliza tulipewa loshoro, mahindi kwa maziwa mgando, kwenye bakuli moja, tukakaa kwenye kivuli cha nyumba.

"Mama, nina jambo."

"Sema."

"Fundi aliniambia kishikio kiko mbele siku hizi. Na rizavu itawahi kuita. Sikukuambia."

Aliendelea kutafuna. "Kwa nini?"

"Nilikasirika. Mimi nilijua ukiinama unaomba. Kumbe unazungusha koki."

"Nani alikuambia naomba?"

"Nilikuona. Mdomo ulikuwa unacheza."

Mama aliweka kijiko chini. Alinitazama, uso ukaanza kumtetemeka, akacheka hadi Mama Naserian akachungulia mlangoni. "Aneth," alisema akijifuta macho, "nilikuwa naitukana. Nilikuwa naiambia, wewe takataka, wewe mzigo wa vyuma, usinizimikie hapa mbele za watu."

"Siku zote?"

"Siku zote."

"Na leo?"

Kicheko kiliisha. Alinishika ule mkono ulioungua, akaugeuza akautazama, akaumiminia maji ya barafu iliyoyeyuka kwenye kisanduku. "Leo niliomba," alisema. Kisha akakumbuka kitu. "Bibi wa redio. Ni wewe?"

Niliitikia kwa kichwa.

"Jumapili utasimama ukarekebishe."

Nilisimama, safari hii yeye akiwa kwenye benchi la tatu. Nilisema mama alikuwa haiombei pikipiki, alikuwa anaitukana, lakini siku ya mlima aliomba kweli na mimi nikazungusha koki. Mwalimu akaanzisha wimbo kwa haraka sana. Pikipiki haikurudi yadi. Mama aliiendesha hadi siku alipostaafu, na kila safari ya likizo, ikikohoa, alinigusa bega tu, mimi nikashusha mkono. Sijui alikwenda lini kwa fundi kuiomba ile koki iliyokufa, wala hajawahi kuniambia kwa nini aliitunza na vifungo.

Siku hizi anaishi nasi karibu na Makumira, na miguu inamsumbua. Aliponikuta nimeishika koki kitandani kwake alisema tu, "Hiyo iache hapo hapo." Halafu, "Kesho si siku ya soko Ngaramtoni?" Kwa hiyo asubuhi nilimwingiza kwenye gari, nikamweka vizuri, nikavuta mkanda wa siti. Mkanda wenyewe ni mkorofi, haushiki hadi uulazimishe. Nilijipinda juu yake, kichwa chini, macho nusu yamefumba, mkono unapapasa pembeni mwa siti, na chini ya pumzi nikauambia ule mkanda maneno ambayo mwalimu wa fizikia hatakiwi kuyajua. Ukaitika, tak.

Juu ya utosi wangu nikasikia sauti yake, taratibu, ya kanisani kabisa.

"Amina."